Mwanakupona: jina la mgonjwa au jina la bibi?

MASWALI YA WASOMAJI

*Assalamu alaikum. Natarajia kujifungua, na vipimo vinaonyesha mtoto wa kike. Mama mkwe anataka tumwite Mwanakupona, jina la nyanya yake. Mume wangu hataki kusikia: anasema walikuwa wakiitwa hivyo watoto wagonjwa wagonjwa, litamwandama mtoto, na tena si jina la Kiislamu. Nani yuko sahihi?*
Mama kijacho, Tanga

Waalaikumu salamu, dada. Mama mkwe amekuchagulia jina zuri, na hofu ya mumeo ina chanzo, ila imeshika upande mmoja tu wa neno.

Tuanze na *kupona*. Siku hizi tunalifunga neno hili hospitalini, lakini kwa Kiswahili mtu hupona ugonjwa, hupona ajali, hupona vita na hupona njaa. Hata riziki ndogo ya kumfikisha mtu kesho tunasema ndiyo anayoponea. Kwa hiyo ndani ya jina hili mna kusalimika na kubaki hai. Ugonjwa ni jambo moja tu kati ya mengi ambayo mtu hutoka salama.

Kazi kubwa iko kwenye *mwana*, maana katika majina yetu neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni mtoto aliyezaliwa wakati au tukio fulani. Mwanajuma ni wa Ijumaa, Mwanahamisi wa Alhamisi, Mwanaidi wa sikukuu. Mwamvua alikuja na mvua, Mwamvita akazaliwa vita vikipiganwa, Mwanjaa akauona ulimwengu mwaka wa njaa. Humo *mwana* limekatwa likabaki *mwa* au *mwan*. Ya pili ni heshima, kama tusemavyo Bibi au Bi. Mwanaisha ni Bibi Aisha, Mwanahawa ni Bibi Hawa. Waungwana wa kike wa miji ya kaskazini ya pwani waliitwa hivyo, na malkia vilevile: Mwana Mwema wa Unguja katika karne ya 17, Mwana Khadija wa kisiwa cha Pate katika karne ya 18, na Mwana Mkisi ambaye masimulizi ya Mombasa yanamtaja kuwa mwanzilishi wa mji.

Kipimo chetu ni chepesi. Kinachofuata *mwana* kikiwa jina la mtu, hiyo ni heshima. Kikiwa siku au tukio, ni mtoto wa tukio hilo. Kupona limekaa mpakani, ndiyo maana watu wanabishana. Mtoto aliyezaliwa kwa shida akasalimika angeweza kuitwa hivyo kwa maana ya kwanza, na hapo ndipo mumeo aliposikia habari za ugonjwa. Lakini mwenye jina aliyelifanya lijulikane Afrika Mashariki nzima, mshairi Mwana Kupona binti Msham wa Pate, tunamsoma kwa maana ya pili. Mumewe aliitwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said, sultani wa Unguja, na binti yao akaitwa Mwana Hashima. Bwana kwa baba, Mwana kwa mama na kwa binti: huo ni mpango wa heshima wa nyumba moja. Kupona likabaki kuwa jina lenyewe.

Kuna kosa moja ambalo hata walimu hulirudia darasani. Mwana Kupona aliutunga utendi wake, shairi refu la mawaidha, mwaka 1858, yaani 1275 Hijria, akiwa mgonjwa wa muda mrefu, na katika beti zake 102 anamuusia bintiye. Basi watu huunganisha ugonjwa ule na jina hili wakadhani aliitwa Kupona kwa kuuguaugua. Wakati huo alikuwa mtu mzima, mjane mwenye watoto, na jina alikuwa nalo tangu utotoni. Ugonjwa wa mwisho wa maisha hauwezi kuwa sababu ya jina la mwanzo.

Kuhusu dini, jina halilazimiki kuwa la Kiarabu. Linalotakiwa ni kuwa na maana njema, na kusalimika ni maana njema. Kama mumeo bado ana kigugumizi, ipo njia ambayo familia nyingi za pwani huifuata: siku ya saba, kwenye akika, mtoto apewe Salama au Afua kwa upande wa baba, na Mwanakupona liwe la kuitwa nyumbani kwa bibi yake. Majina yote matatu yanakaribiana maana, kwa hiyo hakuna atakayejiona ameshindwa. Ila amueni mapema lipi litaandikwa kwenye cheti. Mtoto mwenye jina moja shuleni na jingine kwenye kadi ya kliniki huja kuhangaika na viapo akiwa mkubwa.

*Ni Mwanakupona au Mwana Kupona? Kwenye vitabu naona maneno mawili, mtaani naona moja.*
Mwalimu, Unguja

Yote mawili ni sahihi, mwalimu, kila moja mahali pake. Mkimtaja mshairi, andikeni maneno mawili, herufi kubwa mbili: Mwana Kupona. Hapo *Mwana* bado ni cheo, na ndivyo anavyoandikwa katika fasihi. Mkimwandikisha mtoto wa leo, andikeni neno moja: Mwanakupona. Msiandike MwanaKupona wala Mwana-kupona. Mifumo mingi ya kompyuta huifuta herufi kubwa ya katikati, na kistari hugeuzwa nafasi, mkajikuta mna majina mawili msiyoyataka.

Matamshi yana silabi tano: mwa-na-ku-po-na, na mkazo uko kwenye *po*.

*Kaka yangu anaweza kumwita mwanawe wa kiume jina hili?*
Msomaji, Kilwa

Hapana. *Mwana* ya heshima katika majina ni ya wanawake. Upande wa wanaume pwani ina *Mwinyi* na *Bwana*, kama Mwinyihaji au Bwanamkuu. Akitaka maana ya kusalimika kwa mtoto wa kiume, Salim au Salum yanamfaa.

*Binti yetu Mwanakupona alizaliwa Minneapolis. Nimetafuta jina lake kwenye orodha za majina za Marekani, miaka yote, sioni hata mmoja. Yaani yuko peke yake? Halafu mwalimu wake anamwita "Mwana", nami naona kama anamwita "mtoto".*
Baba wa watatu, Marekani

Ndugu yetu, kutoonekana kwenye orodha hakumaanishi yuko peke yake. Shirika la hifadhi ya jamii la Marekani, ambalo ndilo hutoa orodha hizo, huliacha nje jina lolote lililopewa watoto chini ya watano kwa mwaka, ili kulinda siri za watu. Wangezaliwa akina Mwanakupona wanne mwaka mmoja, usingeona hata mmoja. Takwimu za Uingereza na Wales nazo huficha majina yenye watoto chini ya watatu. Tanzania na Kenya hazina desturi ya kuchapisha orodha ya aina hiyo kila mwaka, kwa hiyo mtandao wowote unaokupa "asilimia" ya jina hili umebuni.

Tunachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: jina hili linafahamika kuliko linavyoitwa. Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili analijua, wachache mno wamempa mtoto. Utukufu wa mshairi umelifanya lionekane la kitabuni, na majina ya Kiarabu mafupi, Aisha, Salma, Nasra, yamechukua nafasi ya majina marefu ya *Mwana*. Mwanaisha na Mwanahawa yamestahimili kwa kuwa ndani yake mna jina la Kiarabu ambalo kila mtu analitambua. Mwanakupona halina kinga hiyo, na kwetu sisi hiyo ni sababu ya kulitunza.

Sasa mwalimu. Mwelezeni kwamba "mwa" hutamkwa kwa mkupuo mmoja, midomo ikiwa imefungwa mwanzoni. Wengi huingiza *u* wakasema "Mu-wa-na". Akihitaji kifupi, mpeni *Kupona*. Hilo ndilo jina lenyewe, nalo ni rahisi kwa ulimi wa mgeni. *Mwana* peke yake si tusi, maana Lamu ya zamani ilikuwa "bibi", lakini Mswahili wa leo atasikia "mtoto", na msichana wa miaka 15 hatalipenda.

Pasipoti isiwatie hofu. Kati ya mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, wa kwanza una nafasi 39 za majina yote, na Mwanakupona lina herufi 11. Linabaki zima hata likifuatana na majina ya baba na babu ya kawaida. Hatari ni nafasi ya katikati. Mkiandika maneno mawili, *Mwana* linakuwa jina la kwanza, *Kupona* linahamia la pili, na tiketi ya ndege iliyokatwa kwa neno moja haitafanana na pasipoti.

*Cheti cha mtoto kimetoka na "Mwana" kwenye jina la kwanza na "Kupona" kwenye la pili. Ana miezi saba. Tufanyeje?*
Mzazi, Malindi

Wahini sasa, mama. Sheria ya Kenya ya usajili wa vizazi na vifo inamruhusu mzazi au mlezi kubadilishiwa jina la mtoto ndani ya miaka miwili tangu kizazi kiliposajiliwa, kwa kulipa ada na kuonyesha ushahidi ambao msajili ataridhika nao. Nendeni ofisi ileile iliyowasajili. Bebeni cheti chenyewe, karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kutoka hospitalini, vitambulisho vya wazazi wote wawili, na kadi ya kliniki kama jina limeandikwa vizuri humo. Karatasi ya hospitali ikionyesha neno moja, waambieni kosa ni la kunakili. Ikionyesha maneno mawili, ombeni mabadiliko ya jina. Msibishane na karani, maana yeye alinakili alichokikuta.

Miaka miwili ikipita, mtaingia kwenye hati ya kubadili jina, wakili, na tangazo katika gazeti la serikali.

Kwa wanaojiandaa kusajili, Tanzania Bara muda wa kawaida ni siku 90 tangu kuzaliwa. Kosa huanzia kwenye tangazo la kizazi, yaani karatasi inayojazwa wodini, mama akiwa amechoka na muuguzi anaandika alichokisikia. Andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi kabla ya siku yenyewe, MWANAKUPONA, mkitie kwenye mkoba wa kujifungulia, na mumpe muuguzi anakili. Kisha someni herufi moja moja kabla hajagonga muhuri. Tafuteni hasa *o*: ikisomwa *a*, mtoto anakuwa Mwanakupana.