Ziondoeni Hoja Zenu Kwenye Mengineyo

Mkutano wa wazazi ukiisha, kasimame getini usikilize. Hapo utazisikia hoja zote ambazo ndani hazikusemwa: vyoo vya wasichana, uji mwepesi, darasa la tatu linalofundishwa chini ya mwembe. Mle ndani watu walinyamaza, wakapiga makofi, wakatia sahihi ya mahudhurio. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali hapa Tanga mjini, na sikubaliani na wanaosema wazazi wa pwani hawajali elimu. Wanajali sana. Tatizo ni kwamba hoja zao zinawekwa mahali ambapo haziwezi kuamuliwa.

Tazama ajenda ya kikao chochote. Kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taarifa ya Mwalimu Mkuu, taaluma, ujenzi, halafu mwisho kabisa, mengineyo. Jambo la mzazi limelazwa huko mwisho. Likifikiwa, adhuhuri imeshaadhiniwa, kina mama wa soko la Mgandini wameacha biashara mikononi mwa watu, mwenyekiti anatazama saa. Jibu linakuwa, "Tumelipokea." Halina wa kulifuatilia, halina tarehe, na kikao kijacho hakuna atakayelikumbuka isipokuwa aliyelisema.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi mwenzangu, uwe mjumbe au usiwe, ni kufanya kazi yako kabla ya kikao. Katibu wa kamati ni Mwalimu Mkuu, na mwenyekiti ni mzazi kama wewe. Hao wawili ndio wanaopanga ajenda. Mfuate mwenyekiti nyumbani kwake au kazini, mapema, barua za mwaliko zikiwa hazijatoka. Salimia vizuri, kaa, mpe karatasi yenye mambo matatu tu: tatizo ni lipi, linamgusa nani, na unataka kikao kiamue nini. Hilo la tatu ndilo watu wanalolisahau. "Tunaomba vyoo vizungumzwe" litazungumzwa kweli, na litaishia hapo. "Kikao kiamue fedha ya ukarabati ianze na milango ya vyoo vya wasichana" ni jambo la kukubaliwa au kukataliwa, na vyovyote itakavyokuwa litaandikwa kwenye muhtasari. Likishaandikwa, kikao kinachofuata litarudi kwenye yatokanayo, na hapo lazima mtu asimame aseme limefikia wapi.

Hivyo vyoo navieleza kwa kirefu kwa sababu ndivyo vilivyonifundisha. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Taarifa iliyoletwa kwetu ilionesha kwamba upungufu si mkubwa. Mama mmoja mjumbe, mtulivu ambaye kwa kawaida hazungumzi sana, akapendekeza tuwaulize viranja wa kike. Wale mabinti wakatueleza bila kusita: choo hiki hakina mlango, kile kinafungwa kwa kufuli, kile cha mwisho hakuna anayekitumia kwa sababu dirisha lake linatazama uwanja wa mpira. Taarifa ilihesabu matundu, watoto walihesabu milango. Binti wa darasa la saba akiwa kwenye siku zake, choo kisicho na mlango kwake si choo, atabaki nyumbani. Jambo lilipowekwa kwenye ajenda kwa namba yake, na majibu ya wale mabinti yakiwa yameandikwa, hapakuwa na ubishi. Seremala alipatikana miongoni mwa wazazi wenyewe. Tangu hapo nasisitiza: kabla hujapeleka hoja, waulize watoto. Wanaijua shule yao kuliko sisi sote tunaokaa kwenye viti.

Kuhusu fedha, wazazi wengi wanaogopa kuuliza kwa kudhani kuuliza ni kutuhumu. Jifunze hesabu hii ndogo. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huja shuleni, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 800 inategemea shilingi 400,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi. Ukishaijua namba hiyo, kwanza utaacha kumdhania Mwalimu Mkuu kwamba amekalia mamilioni, na pili utaweza kuuliza swali la maana: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, na mbona hazijabandikwa kwenye ubao wa matangazo? Uliza mbele ya kikao, kwa adabu, kwa sauti ya kawaida. Mwalimu Mkuu mwaminifu hukasirishwa zaidi na minong'ono ya mtaani kuliko swali la wazi, kwa sababu karatasi ya ubaoni inamlinda yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Michango ndiyo inayovuruga watu. Serikali ilishaelekeza kwamba mtoto asifukuzwe darasani kwa kukosa mchango, na Rais John Magufuli alilisema hilo kwa ukali Januari 2018. Lakini chakula cha mchana bado kinatutegemea sisi wazazi, na mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri na kikombe cha chai hawezi kusoma hadi saa tisa. Ninachoshauri ni kiwango kipangwe kwenye mkutano mkuu wa wazazi, kiandikwe, na fedha ishikwe na wazazi waliochaguliwa, walimu wabaki na chaki. Anayeweza kutoa mahindi atoe mahindi. Na majina ya wasioweza yakae kwa watu wawili tu wanaoaminika. Niliwahi kusikia majina ya wadaiwa yakisomwa kwenye mkutano, na wale waliosomwa sijawaona mkutanoni tena. Ni dhuluma, nami huipinga kila inapopendekezwa.

Mkijengewa darasa kwa fosi akaunti, yaani shule inaponunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe bila mkandarasi, shule huunda kamati ndogo za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Watu hukimbilia manunuzi. Wewe omba mapokezi. Huko ndiko mfuko wa saruji unakohesabiwa ukiwa mfuko, na bati linapimwa unene kabla halijapanda juu. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, bati jembamba linaanza kutoboka watoto wale wale wakiwa bado shuleni. Usitie sahihi kwenye karatasi ya mzigo ambao hujauona kwa macho yako, hata ukiambiwa gari liko njiani, hata anayekuambia akiwa mtu unayemheshimu.

Kuna mambo si yetu, na ni vizuri kuyajua mapema ili usipoteze nguvu. Nidhamu ya mwalimu ina mamlaka yake, Tume ya Utumishi wa Walimu, na uhamisho una ofisi zake. Kamati haiwezi kumrudisha mwalimu wa hisabati aliyehamishwa, ila inaweza kuandika kupitia kwa Afisa Elimu Kata kuomba mwingine, ikieleza darasa limekaa bila somo tangu lini. Vilevile usimlete mtoto wako kwenye kikao. Shida ya mwanao imalize na mwalimu wake wa darasa. Ukiichanganya na kazi ya kamati, siku utakayosema jambo la wote watadhani unamsemea wako. Kwa sekondari kuna bodi ya shule, na wajumbe wake hawapatikani kwa kura ya wazazi kama huku msingi, hivyo nguvu yako kubwa huko iko kwenye mkutano wa wazazi wa kidato.

Saa ya mkutano nayo ni uamuzi, ingawa wengi huiona kama taratibu tu. Mkutano wa Jumatano saa nne asubuhi umeshawachagua watakaohudhuria. Sisi tulipendekeza Jumamosi alasiri, na kwa kuwa shule yetu ina watoto wengi wa wavuvi wa Sahare na Deep Sea, tukapendekeza pia kutazama mwezi. Wanaovua dagaa kwa taa hawaingii baharini usiku wa mbalamwezi. Siku hizo kina baba wako nchi kavu, wamelala, wana nafasi. Walikuja kwa wingi, wakakaa na kina mama, na maswali yao kuhusu chakula yalikuwa makali kuliko yetu.

Baada ya kikao, wape wazazi taarifa siku hiyo hiyo. Mimi hurekodi sauti fupi kwenye kundi la WhatsApp la darasa: kilichoamuliwa, nani atakifanya, lini. Wengi wana simu za kawaida, hao hupitiwa na mama mmoja wa kila mtaa. Shule zenye umoja wa wazazi na walimu, UWaWa, wanao wawakilishi wa kila darasa, watumieni.

Shule zikifunguliwa, mwombe mwenyekiti wenu akuoneshe muhtasari wa kikao kilichopita na usome yatokanayo. Kama lile ulilolisema mwaka jana halimo, liandike upya, na safari hii lipewe namba.