Msibonyeze Kitufe Seva Inapoandika Nakala ya Ajali

Swali: Ninasimamia seva ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Arua, Uganda. Inatumia Ubuntu na ina RAM ya GB 64. Mwezi huu imeanguka mara mbili: skrini hujaa maandishi, kisha hunyamaza kwa dakika kadhaa, nasi hubonyeza kitufe cha umeme ili wanachama wasisubiri. Ndani ya /var/crash nimekuta faili linaloitwa dump-incomplete. Fundi tuliyemwita anasema kdump, yaani huduma inayohifadhi nakala ya kumbukumbu mfumo unapoanguka, ndiyo inayoigandisha mashine, hivyo tuiondoe na tufute folda hiyo. Je, tufuate ushauri wake?

Jibu: Hapana. Msiiondoe kdump, na msifute chochote ndani ya folda hiyo kwa sasa. Barua za namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara fundi amekwisha kuondoa kile ambacho kingetueleza chanzo cha ajali. Nawashukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ilikuwa imekwisha kuanguka kabla kdump haijaanza kufanya lolote. Ukimya mnaouona baada ya maandishi si mashine iliyoganda, bali ni mashine iliyo kazini. Kerneli iliyoanguka haiwezi kuaminiwa kuandika kwenye diski, kwa sababu draiva zake na kumbukumbu zake za ndani huenda zimeharibika, na ikilazimishwa inaweza kuandika juu ya hesabu za wanachama wenu. Njia za zamani kama LKCD na Diskdump ziliitegemea kerneli hiyo hiyo iliyoanguka, na ndiyo sababu zilishindwa mara nyingi. Katika Linux, tangu toleo 2.6.13 la mwaka 2005, kerneli ya pili iliyo ndogo hupakiwa mapema katika sehemu ya RAM iliyotengwa. Ya kwanza ikianguka, ya pili hushika usukani moja kwa moja bila kupitia hatua za kawaida za kuwasha mashine, huiona kumbukumbu ya mwenzake kupitia /proc/vmcore, na programu ya makedumpfile huchuja kurasa zisizohitajika, hubana zilizobaki, huziandika kwenye diski, kisha seva hujiwasha upya yenyewe. Kazi hiyo yote huweza kufanyika bila neno hata moja kuonekana kwenye skrini.

Kwa hiyo jina dump-incomplete ni habari njema kwa kiasi fulani. Linaonyesha kwamba kerneli ya pili iliamka na kuanza kuandika, lakini ilikatizwa kabla ya kumaliza, kwani ingemaliza faili lingebadilishwa jina. Kwa maelezo yenu, aliyeikatiza ni mkono uliobonyeza kitufe. Hata hivyo, hakikisheni kwa amri ya df kwamba diski yenye /var/crash haikujaa. Ikiwa seva ina kifaa cha ndani kinachoiwasha upya kila inaponyamaza, ongezeni muda wake wa kusubiri. Ikiwa umeme hukatika, seva ikae kwenye UPS inayoweza kuibeba hadi nakala ikamilike. Uwezekano mwingine ni kwamba RAM iliyotengwa haitoshi na kerneli ya pili yenyewe hukosa nafasi. Katika hali hiyo ongezeni thamani ya crashkernel katika mipangilio ya GRUB (programu inayopakia kerneli mashine inapowaka), kwa mfano hadi 512M, mwendeshe update-grub, kisha muwashe upya. Baada ya hapo /sys/kernel/kexec_crash_loaded isomeke 1.

Kisha jaribuni. Usiku, wanachama wakiwa wameondoka na chelezo (nakala ya akiba ya data) ikiwa imechukuliwa, andikeni herufi c ndani ya /proc/sysrq-trigger mkiwa root, yaani mtumiaji mkuu. Seva itaanguka papo hapo. Pimeni kwa saa inachukua dakika ngapi hadi iwake tena, na bandikeni muda huo ukutani kando ya kitufe, ili zamu ya mchana ijue ni lazima kungoja kiasi gani.

Nakala ikipatikana nzima, husomwa kwa programu ya crash pamoja na faili la vmlinux, yaani kerneli yenyewe ikiwa na alama za utatuzi, la toleo lile lile la kerneli iliyoanguka. Toleo la jirani halifai. Hapo ndipo mafundi wa njia ya mkato hutuharibia kazi: huboresha kerneli kwanza, hufuta ya zamani, kisha hutuletea nakala isiyo na cha kuisomea. Kwenye Windows hufanya vivyo hivyo kwa kuondoa faili la kurasa (pagefile) ili kompyuta iwe nyepesi, bila kujua kwamba kwa kawaida ajali huandikwa humo kwanza na kuhamishiwa MEMORY.DMP baada ya kuwashwa upya. Wengine hufomati seva nzima, RAM iliyoharibika ikabaki mle mle, na mwezi unaofuata wanaitwa tena na kulipwa tena. Hilo linaniumiza, kwa sababu anayelipa ni chama cha wakulima na wachuuzi.

Jambo jingine linalonitia hofu ni nakala hizi kusambazwa kwa WhatsApp au kwa flashi mikononi mwa yeyote anayejiita mtaalamu. Nakala isiyochujwa ni kumbukumbu yote ya seva, pamoja na nywila na taarifa za wanachama zilizokuwa wazi wakati huo, na hata iliyochujwa huweza kubaki na funguo za siri. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawabana ninyi mliokusanya taarifa hizo. Nitumieni maandishi ya kerneli peke yake, yaani faili linaloanza na dmesg ndani ya folda ile ile, pamoja na matokeo ya amri ya uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli. Nakala yenyewe ibaki Arua.