Ukibadilisha rejeta nyumbani, hesabu lita

Gari yangu ilichemsha Jozani, kwenye yale matuta ya barabarani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju. Nilikuwa natoka mjini narudi Makunduchi, siku tatu kabla ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi, gari imejaa wageni na mizigo yao. Sindano ya joto ikapanda mpaka juu, mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikazima, nikachukua kitambaa, nikaenda kufungua mfuniko wa rejeta, kile kipozea maji ya injini. Mzee mmoja niliyempa lifti akanishika mkono: "Usifunue, mwanangu. Kaa kitako kwanza." Alikuwa dereva wa lori ujanani. Maji ya ndani yamebanwa kwa presha, ndiyo maana hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Ukiilegeza ile presha ghafla yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Tulingoja zaidi ya saa moja.

Kesho yake nikaona ufa mwembamba kwenye tangi la plastiki la juu, karibu na shingo inapovaa mpira wa maji, na doa la kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyokauka pembeni yake. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, fundi akitia lehemu kazi imekwisha. Hizi za sasa ni alumini na plastiki, na lehemu haishiki plastiki. Wapo watakaokwambia tia yai, tia sabuni. Msiwasikilize, ndugu zangu. Kinachoziba ufa huziba pia vile vijibomba vyembamba vya rejeta yenyewe.

Kabla hujalipa dukani, weka ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu: shingo za mipira, miguu, tundu za feni. Kama gari ni otomatiki, tazama chini kama kuna vishingo viwili vidogo vya mafuta ya giaboksi, kwa sababu mafuta hayo nayo hupozwa humo ndani. Mimi nilipewa ya gari ya manyuo, ile ya gia za mkono, nikapanda tena daladala kurudi mjini.

Kufungua si kugumu. Injini iwe baridi kabisa, toa waya hasi wa betri maana feni nyingine hujiwasha hata ufunguo umetoka. Mwaga maji kwenye ndoo safi, na hiyo ndoo usiiguse, utaihitaji. Klipu za mipira kwetu pwani zinakula kutu kwa upepo wa chumvi, nunua mpya moja kwa moja. Mpira ukigoma usiuvute. Uzungushe, na ukizidi kugoma uchane kwa kisu, kwani mpira ni bei ndogo kuliko shingo ya rejeta. Paipu za giaboksi zizibe mara tu unapozitoa. Wakati wa kuteremsha mpya, weka kipande cha boksi mbele yake, yale mapezi yanapinda hata kwa kucha.

Sasa maji. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Huku kwetu tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya visima ni magumu, na karibu na bahari yana chumvi. Tazama birika lako la chai, ule ukoko mweupe wa chini ndio unaojijenga ndani ya injini. Nilipotikisa rejeta ya zamani zilitoka chembe nyeupe kama unga wa chokaa, na hayo yalikuwa maji ya kisima niliyokuwa nikiongeza kila wiki kwa miaka. Nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa. Kama ni ile nzito, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri. Ila soma chupa vizuri, rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri.

Mara ya kwanza nilijaza mpaka juu, nikafunga, nikaondoka. Sijafika Kizimkazi, sindano inapanda tena. Nikadhani hedi, kile kichwa cha injini, imekwisha pinda. Nilipoipima ndoo ya maji ya zamani ilikuwa na lita 5 kasoro kidogo, na mimi nimetia tatu na nusu. Iliyobaki ilikuwa hewa, na palipo na hewa chuma hakipozwi.

Kwa hiyo pima yaliyotoka, na usiridhike mpaka yameingia kama hayo. Egesha gari pua ikitazama juu. Fungua hita mpaka mwisho, ile ambayo hapa Unguja hakuna anayeigusa, kwani ndani yake hewa hujificha. Rudisha waya wa betri, washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ingali baridi, binya mpira wa juu taratibu, ongeza kila maji yanaposhuka. Mapovu yatatoka mengi. Themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, ikifunguka mpira wa chini nao utapata moto na feni itaanza kuzunguka. Mapovu yakikoma, funga. Kwa otomatiki nyingi, injini ikiwa bado inanguruma, pima na mafuta ya giaboksi, uongeze ya aina ileile.

Kulanti ya zamani usiimwage uani. Ni tamu, paka huilamba na kufa, na mtoto hali kadhalika. Na kwenye mwamba wetu wenye matundu, kinachomwagwa juu huteremka kisimani. Niliitia kwenye dumu, nikalifunga, nikampelekea fundi wa mjini mwenye pipa la mafuta machafu.

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko utazame. Yangu ilikuwa imeshuka kiasi cha kikombe cha chai. Nikaongeza, tukaenda Mwaka Kogwa, na nikampitia yule mzee kwake kumchukua.