Kipimo cha ubongo kimetoka safi, mbona bado anapotea?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kike ana miaka 19. Utotoni alipata degedege la malaria lililodumu karibu saa nzima. Siku hizi anaingiwa na hofu inayopanda kutoka tumboni, kisha anakodoa macho, anatafuna mdomo mtupu na kuvutavuta pindo la gauni. Dakika moja au mbili, basi. Haanguki. Kipimo cha umeme wa ubongo kilitoka safi. Mganga anasema ni mapepo, aache karbamazepini, vidonge vyake vya kifafa, ili dawa yake ya miti ifanye kazi. Kifafa huwa hivi? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndiyo, na maelezo yako yananielekeza kwenye kifafa kinachoanzia upande wa ndani wa ubongo, usawa wa panja, penye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, na amigdala, sehemu ya hofu. Degedege refu la utotoni linaweza kuua baadhi ya seli za hipokampasi. Zilizobaki huchipua nyuzi mpya zinazorudi kuchocheana zenyewe kwa zenyewe, huku seli zinazotoa GABA, kemikali ya kutuliza ubongo, ambazo ndizo breki, zikidhoofika. Kundi dogo la seli likiwaka kwa pamoja, amigdala huleta ile hofu. Mkondo huo wa umeme ukifika talamasi, kituo cha kupitisha ishara katikati ya ubongo, na upande wa pili, fahamu hupotea. Haanguki kwa sababu haujaenea hadi maeneo yanayoendesha misuli ya pande zote mbili. Siku ukienea, ataanguka na kukakamaa.

Hilo la "kipimo safi" ndilo linalonichosha. Waya zile hubandikwa juu ya ngozi ya kichwa, na ili zinase kitu, eneo la gamba la ubongo la takribani sentimita za mraba 10 linapaswa kuwaka kwa wakati mmoja. Hipokampasi imejificha chini kabisa. Isitoshe, kipimo huchukua kama nusu saa, na huenda siku hiyo alikuwa mzima. Karatasi safi haifuti kifafa, na kamwe haithibitishi mapepo! Omba kirudiwe baada ya kukesha, ajaribu kusinzia kitandani palepale. Mrekodi kwa simu shambulio likianza; video ya dakika moja humsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Karbamazepini haiunganishi upya nyuzi zile. Huzuia tu seli zisifyatue mfululizo, kwa hiyo ikikatwa ghafla mtandao uko palepale, na mashambulizi yanaweza kuja moja juu ya jingine bila fahamu kurudi. Watu hufa hivyo. Wengine huangukia sigiri na kuungua. Fenobabitali, dawa nyingine ya kifafa, ikikatwa ghafla ni hatari zaidi. Anayekwambia uache vidonge ili dawa yake ifanye kazi anacheza na maisha ya mgonjwa, awe na tunguri au awe na duka lenye kibao. Dawa hupunguzwa na daktari, polepole kwa wiki nyingi au miezi, kwa kawaida baada ya miaka 2 au zaidi bila shambulio hata moja. Mdogo wako hajafika huko. Na shambulio likipita dakika 5, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.