Kaka yako hakunyimwa viza

Mwanangu mpendwa,

Jumapili ulinipigia nikiwa natoka kanisani, ukaniuliza neno moja ukakata simu kabla sijajibu: "Mama, nimeongea na kaka. Anasema hakunyimwa viza. Anasema hakuombewa. Ni kweli?"

Ni kweli.

Miaka yote hii nimekuacha uamini kwamba wazungu wa ubalozi wa Marekani kule Kinshasa ndio waliomkataa. Hawakumkataa. Fomu yake haikuwafikia. Zilikuwa tatu mezani kwangu hapa Kentucky, nami nikatuma mbili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia, na nikilia utaanza kunibembeleza badala ya kunisikiliza.

Unajua alikotoka. Dada yangu mkubwa alifariki akimwacha bado mchanga, nikamchukua. Sikwenda mahakamani, wala hapakuwa na mtu mjini kwetu Kiwanja aliyefikiria kwenda mahakamani kwa jambo kama hilo. Mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Wewe ulizaliwa ukamkuta ndani ya nyumba, anajua jikoni ni wapi na sufuria ya sombe inafunguliwa vipi.

Ile Novemba ya 2008 mimi nilikuwa shambani na mdogo wenu wa mwisho mgongoni. Wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa wameingia Kiwanja, kesho yake waasi wa Nkunda wakaurudisha mji mikononi mwao na kupita nyumba kwa nyumba. Watu wa haki za binadamu, Human Rights Watch, waliandika baadaye kwamba waliouawa ni watu wapatao 150. Habari za baba yenu unazijua, sizirudii. Ninyi watatu bibi aliwatoa kwa mlango wa nyuma, mkatembea mpaka Goma, kama kilomita 70. Wewe ulikuwa na miaka saba. Aliyembeba mdogo wako mgongoni ni kaka yako, naye alikuwa na miaka tisa.

Mimi njia ya Goma sikuiweza. Nilifuata watu mpaka mpakani Bunagana, nikavuka Uganda. Pale Nyakabande, kituo cha kupokea wakimbizi, waliniuliza nina watoto wangapi, nikasema wanne. Wote umewazaa? Nikasema wote. Sikuona kwamba nadanganya. Sikujua kama mko hai, na nilikuwa naona kwamba nikimtoa mmoja kwenye hesabu, nitakuwa nimemzika.

Mwaka uliofuata, nikiwa kambi ya Nakivale, nilipata karatasi ya Msalaba Mwekundu yenye mwandiko wa kaka yako. Iliandikwa kwamba bibi yuko, ninyi watatu mko, tuko kambi ya Mugunga karibu na Goma, kuna baridi.

Uliniuliza zamani kwa nini sikuwafuata. Nauli nilikuwa nayo mwaka 2012, nimeiweka shilingi kwa shilingi kwa kulima mashamba ya watu. Tulipatana na bibi kwamba shule zikifungwa Julai atawaleta mpaka Bunagana, niwapokee ng'ambo. Tarehe 6 Julai waasi wa M23 wakaichukua Bunagana. Novemba wakaingia Goma kwenyewe, na ile hela niliituma mnunue unga.

Dosiye yangu ya kwenda Marekani ikatembea 2013. Jina langu na la mdogo wenu yakatoka. Kambini wengine walisema nikatae, nisubiri hadi mfike Uganda. Wengine walisema aliyekataa safari huwa haitwi tena. Mimi nilikuwa nimeambiwa jambo moja tu nikalishika: mkimbizi akifika Marekani anapewa miaka miwili ya kuwaombea mume au mke na watoto wake, popote walipo. Niliondoka Entebbe nikihesabu siku za miaka hiyo miwili.

Sasa nifike mezani.

Mama mmoja wa shirika lililotupokea alinisaidia kujaza fomu za kuwaombea ninyi. Kila mtoto ana fomu yake, I-730. Tulipomaliza ya tatu akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole kama wote watatu nimewazaa mimi. Akanieleza kwamba Wakongo wengi hawana vyeti vya kuzaliwa, basi ubalozi huomba kipimo cha DNA: mimi nisuguliwe pamba ndani ya shavu huku, ninyi msuguliwe kule, waangalie kama damu inakubaliana. Mtoto wa kulea anakubaliwa kama mahakama ilimpitisha kabla hajafika miaka 16, akaishi nami miaka miwili. Nikamwambia huyu ni wa dada yangu, na karatasi ya mahakama hakuna.

Nikauliza, nikituma hivyo hivyo je? Akasema kipimo kitamkataa, na ofisa akiona kwamba nilisema nimemzaa, anaweza kuanza kutilia shaka kila nilichosema tangu Nyakabande, pamoja na ninyi wawili. Hakunitisha. Alinieleza mambo yalivyo, kisha akasema uamuzi ni wangu.

Nilimpigia kaka yako. Alikuwa na miaka 15, anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye makala kutoka Sake ili mlipe shule. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe hapa. Alinyamaza mpaka nikadhani hela ya simu imeisha. Halafu akasema, "Tuma za wale, mama mdogo."

Tangu ajue kusema aliniita mama. Siku ile ndiyo alianza kuniita mama mdogo, na hajaacha hadi leo. Jina lenyewe si kosa, kwa dada yangu mimi ni mdogo kweli. Lakini wewe umekulia nyumba hiyo, unajua alichonirudishia.

Nilituma mbili. Mkafika 2016. Ulipotoka pale uwanjani umekonda, umenipita urefu, jambo la kwanza uliloniuliza ni kaka anakuja lini, nikasema ubalozi ulimkataa. Nilitaka unikumbatie siku ile bila kitu katikati. Huo ndio uongo wangu. Fomu niliiacha kwa sababu ninayoweza kuisema mbele ya mtu yeyote. Uongo niliusema kwa ajili yangu mwenyewe, na kosa hilo ni langu.

Umesema kwamba ukipata uraia utamwombea kama ndugu. Nimeuliza mara nyingi. Raia anaweza kumwombea ndugu yake, lakini kwao ndugu ni yule mliyechangia naye mzazi. Mtoto wa mama mkubwa hana fomu, wala wa shangazi hana. Mwaka 2023 walipoanzisha Welcome Corps, watu wa hapa wawadhamini wakimbizi, nilikimbilia huko nikidhani mlango umefunguka. Ilitakiwa awe tayari nje ya Kongo, ameandikishwa ukimbizi. Nilimsihi avuke aende Uganda. Alikataa. Bibi alikuwa hawezi tena kupanda gari, na alisema bibi hataachwa mara ya pili. Sikuwa na la kumjibu. Bibi tulimzika mwaka uliofuata, kaka yako akiwa pale kaburini, sisi kwenye simu.

Akawa huru kuondoka, na Januari 2025 ikaja. Tarehe 27 M23 waliingia Goma, na tarehe hiyo hiyo mpango wa kupokea wakimbizi huku ulisimamishwa, kwa amri iliyotiwa saini wiki moja kabla. Nilikuwa kazini kiwandani. Simu yake haikupatikana siku tatu. Iliposhika alisema tu kwamba yuko Ndosho pale Goma, maji hakuna, umeme hakuna, yeye mzima. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Tangu hapo tunamtumia hela kwa simu, na wakala anamkata sana kwa sababu noti zenyewe hazipo. Sehemu ya unachonipa kila mwezi inakwenda kwake. Nilikwambia ni ya kodi ya nyumba. Hilo nalo lijue.

Msamaha nimemwomba, mara mbili kwa maandishi na mara moja kwa sauti, siku ya maziko ya bibi. Hajanijibu, naye ana haki hiyo. Nakuomba usimbembeleze kwa niaba yangu. Ongeeni mambo yenu. Mwulize ile chukudu aliiuza au bado anayo, mimi hataki kuniambia.

Fomu ya tatu ipo kwangu, kwenye bahasha moja na karatasi yake ya Msalaba Mwekundu na kadi yako ya chanjo ya Goma. Ukija utaiona, nimeitia saini kila mahali palipotakiwa. Ukitaka kuichukua, ichukue.

Asubuhi ndiyo anapatikana, kabla hujaenda kazini. Saa kumi na mbili hapa, kule ni mchana, anakuwa ametoka kuchaji simu mjini.

Mama yako