Uso na shingo ni vya mtu mmoja: majibu kwa maharusi wa Desemba

Kwenye send-off nilitoka mweupe kama unga. Kwa macho nilionekana sawa, lakini pichani uso ni wa kijivu na shingo ni yangu ya kahawia. Harusi ni wiki tatu zijazo. Kosa ni la kamera au la mpambaji? (Bibi harusi mtarajiwa, Mbezi)

La mpambaji, na huenda ni makosa mawili kwa pamoja.

La kwanza ni rangi. Faundesheni haipimwi mgongoni mwa kiganja, hata kama kila duka la Kariakoo linafanya hivyo. Chora mistari mitatu ya rangi tatu kuanzia kwenye taya kushuka shingoni, toka nje kwenye mwanga wa mchana, kisha subiri dakika 10 hadi 15, maana nyingi hukolea zikishakutana na mafuta ya ngozi. Mstari usiouona tena ndio rangi yako. Wengi wetu paji la uso na pembe za mdomo ni vyeusi kuliko mashavu, kwa hiyo fundi huchanganya rangi mbili. Na kama gauni linaacha kifua wazi, anafuata rangi ya kifua.

Ule ukijivu chini ya macho hutokea konsila (krimu ya kuficha weusi na madoa) nyeupe inapopakwa moja kwa moja juu ya weusi. Inatakiwa itangulie rangi ya chungwa, kidogo sana, ndipo konsila ifuate.

La pili ni flashi. Losheni ya kukinga jua yenye zinki au titani, na zile poda nyeupe laini zenye silika, hurudisha mwanga wa flashi kwenye kamera. Kwa macho huoni kitu; pichani unageuka mzimu. Siku ya jaribio zima taa, jipige picha ya simu kwa flashi. Hakuna mpambaji mwenye sababu ya kukukatalia hilo.

Hukuniuliza, lakini nitasema: mpambaji anayekwambia bibi harusi lazima "ang'ae", akimaanisha awe mweupe, muage. Na usikimbilie mkorogo ili shingo ilingane na uso. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 udhibiti wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ila vikopo bado vinauzwa chini ya meza. Ngozi iliyochubuliwa huwaka ikiguswa na spiriti iliyomo kwenye dawa za kukaza mekapu, na faundesheni huipasukia kabla ya keki kukatwa. Kama umeshaanza, wiki tatu hazitoshi kuirudisha. Muone daktari wa ngozi, si muuza krimu.

Mnapamba bei gani? (Wengi)

Kupamba nani, wapi, saa ngapi, watu wangapi, pamoja na kope au bila? Andika hayo matano kwanza, ndipo umuulize mpambaji yeyote bei.

Mwanangu anafunga ndoa kanisani saa 8 mchana. Tuko sita: yeye, mimi, matroni na wapambe watatu. Mpambaji ni mmoja. Aje saa 4 asubuhi? (Mama, Morogoro)

Shikamoo mama. Saa 4 mmeshachelewa.

Bibi harusi anahitaji dakika 90, na nyie watano dakika 40 kila mmoja. Hiyo ni saa 4 na dakika 50. Ongeza nusu saa ya umeme kukatika na mtu kutafuta hereni. Ili gauni lianze kuvaliwa saa 6 na nusu, wa kwanza akae kwenye kiti saa 1 na dakika 10 asubuhi. Mkiona haiwezekani, leteni fundi wa pili sasa hivi, si wiki ya harusi.

Binti asiwe wa kwanza, maana atafika kanisani na uso uliopakwa saa tano nyuma. Asiwe wa mwisho pia, kwani ucheleweshaji wa wote utamwangukia yeye. Awe wa tano, na baada yake mpambe mmoja mdogo anayeweza kupakwa harakaharaka. Nywele zitangulie mekapu, na kila mtu avae kitu cha vifungo mbele au khanga. Fulana ya kuvulia kichwani imeharibu nyuso nyingi.

Baada ya kitchen party macho yalivimba siku mbili. Ni kope au ni husuda? (Tabata)

Huenda ni gundi ya kope. Nyingi zina lateksi. Kama glavu au maputo yanakuwasha, dai gundi isiyo nayo. Saa 48 kabla ya shughuli paka tone nyuma ya sikio uone. Kope usizing'oe: pamba yenye mafuta, dakika moja, zitaachia zenyewe.

Ila uliza pia kuhusu maskara. Ile brashi moja iliyozama kwenye kope za watu kumi haitakiwi kufika kwako. Dai vijiti vya kutupa, sponji mpya, lipstiki iliyokwanguliwa kwenye kibao, na brashi zilizooshwa jana zikakauka. Dar iliugua macho mekundu Januari 2024, na bado kuna saluni zinazoona swali hili ni dharau.

Piko au hina? Nataka nyeusi. (Tanga)

Hina, na haitakuwa nyeusi. Majani ya mhina hutoa rangi ya chungwa, ikakolea hadi kahawia nyekundu baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana harusi ya Jumamosi hupakwa Alhamisi. Kinachotoka cheusi tii ndani ya saa moja, yaani piko, kina PPD, kemikali ya kutia nywele rangi. Inaweza kuleta malengelenge na makovu, hata kwa aliyewahi kuipaka mara tatu salama, na ukishapata mzio huo, rangi za nywele zenye PPD nazo zinaweza kukudhuru maisha yako yote.

Nimelipa arubuni kwa mpambaji mwenye jina. Nasikia siku yenyewe hutuma mwanafunzi. (Arusha)

Mwandikie leo kwenye WhatsApp: jina la atakayepamba, saa ya kufika, idadi ya watu, nani analipa usafiri, na arubuni inarudi lini asipokuja mwenyewe. Ajibu kwa maandishi. "Usijali shoga" si jibu. Picha zake zenye filta nazo usizitegemee. Omba video fupi ya mteja akiwa nje juani.

Bwana harusi apakwe?

Poda kidogo ya rangi yake kwenye paji na pua, mafuta ya mdomo. Basi.