Patroni za nkambo na furaha ya kumpima mtu

Wapendwa wahariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni furaha gani ndogo ya kila siku ambayo usingekubali kuiuza hata ukipewa bei nzuri?" Jibu langu ni patroni za zamani, zile karatasi za kukatia nguo. Ninalo sanduku la bati lililojaa hizo, hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, chini ya kitanda, na ni nadra wiki ipite sijalifungua. Mtaniwia radhi nikiandika kwa kirefu. Naamini katika nyumba nyingi za Lubumbashi ziko patroni za namna hii ambazo leo zinafungia karanga au kuwashia mbabula, jiko la makaa, na hilo linaniuma.

Sanduku lilikuwa la nkambo, mama yake mama. Alijifunza kushona miaka ya 1950 kwenye foyer social, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville; jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966. Foyer social zilikuwa nyumba ambamo wanawake wa Kibelgiji waliwafundisha wake wa wafanyakazi wa Kikongo kushona, kupika, kupiga pasi na kulea watoto. Shabaha ilikuwa kumtengeneza mke wa nyumbani kwa kipimo cha Ulaya, na jambo hilo sitaki kulipamba. Wake wale wa Kikongo walikuja na ujuzi wao, na hakuna aliyewauliza. Nkambo alichukua mkasi na utepe wa kupimia, mahubiri akawaachia wenyewe. Kwa mkasi ule aliwavisha watoto wake wote na nusu ya barabara yetu, na hadi leo unakata.

Karatasi nyingi za sandukuni zilitoka kwenye Femmes d'Aujourd'hui, jarida la Kibelgiji lililoanza mwaka 1933. Nkambo alipewa majarida yaliyokwisha kusomwa katika nyumba ambayo nkambo mwanaume alikuwa mpishi. Mama mdogo aliongeza za Burda, jarida la Kijerumani, alipoanza kazi. Chini kabisa ziko bahasha chache za patroni za Kimarekani, za kampuni za Butterick na Simplicity, zilizoachwa na mke wa mmisionari Mmetodisti aliporudi kwao. Picha za bahasha hizo nilizitazama utotoni mpaka nikazijua kwa moyo: wanawake wembamba mno, wamevaa glavu, wamegeuza shingo upande.

Nilipokua nikataka kujua zilianzaje. Zamani magazeti ya mitindo yalichapa michoro midogo, ya saizi moja, na msomaji alitakiwa aikuze mwenyewe kwa rula mpaka ifike mwilini mwake. Mwaka 1863 fundi wa nguo wa mji mdogo wa Sterling, jimbo la Massachusetts huko Marekani, jina lake Ebenezer Butterick, alianza kuuza patroni za karatasi kwa saizi mbalimbali. Inasimuliwa kwamba wazo lilitoka kwa mkewe Ellen, aliyechoka kupanua na kupunguza vipimo kila alipomshonea mtoto. Walianza na nguo za wanaume na wavulana, magauni yakafuata baada ya miaka michache. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa laini, gauni zima liliweza kukunjwa, likaingia bahashani, likaenda kwa posta. Mwanamke anayeishi mbali na duka lolote akapokea mikononi akili ya fundi asiyemfahamu, akaikunjua juu ya meza yake mwenyewe. Kwangu huo ni uvumbuzi mkubwa sawa na mashini ya kushona, ingawa mashini ndiyo iliyopata sifa zote.

Patroni za zamani zaidi hazina neno hata moja juu yake. Zimetobolewa. Katika ile ya matundu niliyo nayo, matundu makubwa yaliyopangwa kwa mstari yanaonyesha uzi wa kitambaa ulale upande gani, na madogo yanaonyesha mahali pa kubana kiuno. Pembeni kuna vikato vidogo: kikato cha mkono kinakutana na kikato cha bega, na vikikutana unajua hujakosea. Maelezo yote yako kwenye bahasha, kwa hiyo bahasha ikipotea umebaki na karatasi bubu. Kampuni ya McCall ilianza kuchapa mistari na maneno juu ya karatasi yenyewe katika miaka ya 1920, lakini wengine waliendelea na matundu kwa muda mrefu baadaye.

Burda ni dunia nyingine. Aenne Burda wa Offenburg, Ujerumani, alianzisha jarida lake mwaka 1950, na tangu 1952 akatia ndani karatasi ya patroni. Ili nguo nyingi zienee kwenye karatasi moja, mistari ilichorwa juu ya mistari. Kwa asiyezoea, ni kama ramani ya reli za nchi kumi zilizochapwa ukurasa mmoja. Unachagua mstari wako, wa nukta au wa vistari, unaweka karatasi ya kalki juu yake na kuufuata polepole bila kuhamia wa jirani. Kisha unaongeza mwenyewe nafasi ya mshono, sentimeta moja na nusu, na zaidi kwenye pindo, maana Burda hawaiweki. Dakika zile za kufuata mstari sisikii kelele za pikipiki wala za jirani.

Lakini sijafika kwenye furaha yenyewe. Furaha yenyewe ni kupima.

Bahasha ya Kimarekani ya zamani ina saizi moja tu ndani yake. Na picha ile ya mwanamke mwembamba imechorwa kwa mtindo ulioenea baada ya Christian Dior kuonyesha mavazi yake Paris, Februari 1947: kiuno kimebanwa, sketi imemwagika. Mwili uliokusudiwa ulikuwa umefungwa mkanda wa ndani wa kubana tumbo. Hakuna mtu nyumbani kwetu mwenye mwili huo, wala hakuna anayeutaka. Kwa hiyo huwezi kuchukua karatasi na kukata tu. Lazima umsimamishe mtu mbele yako, umpime kifua, kiuno, nyonga, bega hadi bega, na mgongo kutoka mfupa wa shingo mpaka kiunoni. Ndipo unailinganisha karatasi na mtu, na karatasi ndiyo inayobadilika.

Nkambo alinifundisha jambo moja ambalo silioni kwenye maelezo ya bahasha yoyote: usimpime mtu akiwa amejikaza. Kila mtu akizungushiwa utepe huvuta tumbo ndani na kunyoosha shingo. Nkambo aliacha utepe ukining'inia, akauliza habari za shule, za mume, za bei ya unga. Mtu akishaanza kujibu, mabega yanashuka na tumbo linarudi mahali pake, na hapo ndipo alipoisoma namba. Nami nafanya hivyo hivyo. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, hawezi kuzungumzia wakwe zake bila kupumua kwa nguvu, basi wakwe zake ndiyo habari ninayomuuliza. Binti wa jirani, mwenye umri ule wa kutotaka kuangaliwa, nilimwambia asimulie mechi ya Mazembe, timu ya mpira ya mji wetu, akasahau kabisa kwamba utepe uko kiunoni mwake. Katika kupima nimegundua kwamba bega la kulia la mama limeshuka kuliko la kushoto. Miaka yote nimekuwa naye sikuliona. Sasa kila gauni lake ninakata bega lile kwa mstari wake peke yake, na yeye anasema nguo zangu hazimvuti shingoni. Nguo za mitumba, zile wenzetu wa Zambia wanaziita salaula, nazinunua kama kila mtu na zinatusaidia sana. Ila nguo iliyokatwa ukiwa unajua bega la mtu ni kitu kingine, na anayeivaa anajua.

Pembeni mwa vipande nkambo aliandika vipimo kwa penseli. Kwenye mgongo wa gauni moja viko vya mama, kimoja chini ya kingine: alipokuwa shuleni, alipoposwa, baada ya kila uzazi. Kiuno kinapanuka, kifua kinapanda na kushuka, urefu wa mgongo unabaki ule ule. Nkambo hakuukemea mwili wa mama hata kwa alama moja. Aliandika namba, akachora mstari mpya. Kipande hicho hicho kimekatwa katikati, juu kidogo ya kiuno, na kuongezwa ukanda wa gazeti la L'Essor du Congo, lililokuwa likichapwa hapa mjini, kwa sababu migongo yetu ina mkunjo na nyuma kunahitaji nafasi, la sivyo gauni linapanda. Patroni iliyochorwa Ulaya imepata mgongo wa Katanga kwa ukanda wa gazeti. Nikiulizwa urithi wangu ni nini, nitaonyesha kipande hicho kabla ya kitu chochote chenye thamani ya pesa.

Vipimo vya mwili pekee havitoshi, lazima uongeze nafasi ya kupumulia. Kwa gauni la kawaida la kitambaa kisichovutika naongeza kati ya sentimeta tano na nane kifuani. Wasichana wa siku hizi wananiomba niondoe. Nawaambia wakae, wainue mikono, wachukue mtoto. Wakishafanya hayo hatubishani tena.

Kinachofuata ni kupanga vipande juu ya kikwembe, yaani kitenge, na hapa maelezo ya zamani hayanisaidii kabisa. Yameandikwa kwa vitambaa vya upana wa sentimeta 90 au 140. Kikwembe kina karibu 115 hadi 120, na kipande kizima ni yadi sita, yaani mita tano na nusu hivi. Basi natandika sakafuni na kupanga upya. Ndege wa kikwembe ana kichwa na miguu. Ukigeuza kipande kimoja ili kuokoa kitambaa, atatembea kichwa chini mgongoni mwa mtu. Maua yasiyo na upande yanasamehe zaidi. Duara kubwa likiangukia juu ya kifua, gauni zima litatazamwa hapo, kwa hiyo nalisogeza likae begani au kwenye pindo. Jioni nzima inaweza kuisha nikihamisha vipande vinne tu, na nikiamka asubuhi navihamisha tena. Yadi sita zikipangwa vizuri zinatoa gauni la mama, libaya (blauzi) la binti, na mabaki ya kitambaa cha kichwa. Mume wangu huniuliza kwa nini sikati tu. Sikati kwa sababu mkasi ukishapita uamuzi umekwisha, na mimi napenda wakati ambao gauni bado linaweza kuwa lolote.

Kushona kwenyewe kunakwenda haraka. Napiga bandi, tunajaribisha, narekebisha, nakaa kwenye Butterfly, mashini yangu ya kukanyaga kwa mguu. Umeme ukikatika naendelea, mradi taa ya sola ipo.

Kwa walio na karatasi hizi nyumbani nina maneno machache ya kazi. Msikate patroni ya asili. Inakilini kwenye karatasi ya kaki, mkate nakala. Ikiwa imekunjamana, pasi iwe vuguvugu na bila maji hata tone. Msibandike utepe wa plastiki unaong'aa, kwa sababu baada ya miaka unageuka rangi ya njano, unakauka na kuondoka na karatasi. Kipande kidogo cha karatasi laini na gundi kidogo vinatosha. Hesabuni vipande kabla ya kununua kitambaa, maana bahasha nyingi zimepoteza kola au mfuko, na kola inaweza kuchorwa upya ukiwa na shingo ya mbele na ya nyuma. Kuanzia Novemba, mvua zikianza, inueni sanduku kutoka sakafuni, kwa ajili ya unyevu na mchwa. Na andikeni vipimo vya watu wenu pembeni, pamoja na mwaka.

Mwisho nina ombi kwenu wahariri. Majarida ya zamani yalitia patroni ndani, na mama asiye na pesa za fundi alipata nguo kwa bei ya gazeti. Nyinyi mnasomwa kwenye simu, lakini mchoro wa vipande vitano wenye vipimo ukiandikwa vizuri, mtu mwenye rula na karatasi za kaki zilizogundishwa pamoja anaweza kuukuza nyumbani. Tangazeni mchoro mmoja kwa mwezi. Mimi niko tayari kutoa wa kwanza bila malipo: libaya la mikono mifupi, shingo ya mraba, kwa kifua cha sentimeta 96, pamoja na maelezo ya kulipanua kwa mwenye 110 na kulipunguza kwa mwenye 84. Nimeshaanza kulichora.

Msomaji wenu, mwalimu wa shule ya msingi, Katuba, Lubumbashi